Mkuu wa Majitu Yuko Kikaoni

Ofisi ya Taifa ya Michezo ya Kompyuta inautangazia umma kwamba Majitu hawajapoteza umaarufu. Ni wachezaji tu waliowakimbia.

Mimi ni katibu wa kamati iliyoundwa kulichunguza jambo hili, na naeleza nilichokiona. Katika mchezo wetu wa vita vya falme, mchezaji huchagua jeshi: Majitu, Wachawi au Vibwengo. Zamani kila mtu aling'ang'ania Majitu. Wana marungu, wana sauti, wakikanyaga ukuta unakuwa unga. Kisha Mkurugenzi wetu akaona wanapigana kiholela. Akaagiza wafuate utawala bora: jitu haruhusiwi kuinua rungu mpaka apate kibali cha Mkuu wa Majitu. Sura ya Mkuu ilichorwa kutoka kwenye picha ya Mkurugenzi mwenyewe, tumbo likapunguzwa kidogo.

Tangu hapo watu wakahamia kwa Vibwengo, viumbe wafupi, wachafu, wasio na ofisi.

Kamati ilikaa. Ilipendekeza Majitu wapewe viatu vipya. Wakapewa, hakuna aliyerudi. Ilipendekeza watumishi wote wacheze Majitu saa za kazi. Watumishi walitii, wakasinzia. Mchoraji wetu aliuliza kama tatizo huenda ni kibali. Alishukuriwa kwa mchango wake na kuhamishiwa stoo.

Waziri akachoka. Akasema Mkurugenzi acheze hadharani, ukumbini, na Majitu wake. Akishindwa, aachie kiti. Mkurugenzi alicheka. Kwa busara alijichagulia mpinzani: mama mkwe wake, mkunga mstaafu. Hakujua kwamba tangu astaafu, mama huyo anashinda sebuleni na Vibwengo.

Vita vikaanza. Vibwengo wakaja mbio. Mkurugenzi akabonyeza kitufe cha kushambulia. Kwenye skrini likatokea tangazo: MKUU YUKO KIKAONI. RUDI KESHO.

Akabonyeza tena. Majitu wakapanga foleni nje ya mlango wa Mkuu, marungu kwapani, huku Vibwengo wakiwavua viatu vipya.

"Mkwe wangu," mama alisema bila kuinua macho, "nikungoje, au nikaote jua kwanza?"

"Nalishughulikia, Mama."

"Unalishughulikia na nani? Si huyo mwenye kibali ni wewe?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Waziri akiwa wa kwanza. Mkurugenzi aliisogelea skrini, akaiambia sura yake mwenyewe kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, toka basi." Mheshimiwa hakutoka. Vibwengo walimbeba pamoja na kiti chake, kikao kikiendelea.

Tangu siku hiyo nakaimu ukurugenzi. Utaratibu wa kibali sijaugusa, maana kamati bado inauchunguza. Mkurugenzi wa zamani huja kila asubuhi kukata rufaa, naye huelezwa ukweli, kwamba niko kikaoni. Mwanzoni alifoka. Siku hizi hukaa tu kwenye benchi la korido na simu yake, akicheza alichofundishwa na mama mkwe. Anashinda sana, nasikia. Vicheko vya Vibwengo vyake vinanifikia mpaka mezani na kunitoa kwenye ajenda.

Nimeandaa agizo la kumtaka apunguze sauti. Linasubiri saini yangu, nikitoka kikaoni.