Kamera Isiyokaa kwa Mtu

Mansuetus hakuzaliwa mpiga picha. Alizaliwa muuza maneno, na kamera ilimjia kama ajali. Aliinunua Songea kwa mchuuzi wa bidhaa za Dubai, miaka ile ambayo kila kitu kiliruhusiwa kuingia nchini isipokuwa risiti. Ilikuwa ya kidijitali, ndogo kama kipande cha sabuni, haitaki filamu, na mgongoni ilikuwa na kioo kinachokuonyesha sura yako kabla hujamaliza kutabasamu. Akaipeleka kijiji cha Mapera kwenye harusi ya Walburga, akajitangaza mpiga picha kutoka mjini.

Nje mambo yalikwenda vizuri. Ndani ya kanisa kila mtu alitoka kama moshi. Ukibonyeza, kamera inafikiri kwanza, na ikimaliza kufikiri pete imeshavalishwa na padri ameshageuka. Ilipowasha taa yake, maharusi walipata macho mekundu kama wamekesha kwenye pombe. Keki ilipoletwa, betri zikakata roho. Wajomba wa bibi harusi walimsindikiza Mansuetus hadi mwisho wa kijiji, wala si kwa nyimbo.

Mwingine angeitupa mtoni. Mansuetus alikaa kando ya barabara akawaza. Mchana ule, pale nje, watu walikuwa wamegombania kile kioo mpaka mzee mmoja akakanyagwa. Kumbe kosa lake lilikuwa kuitumia. Kamera ile haikuwa ya kupigia picha. Ilikuwa ya kuuza.

Wa kwanza alikuwa Protasi wa Litembo, mkulima aliyetoka kuuza kahawa na mfuko umenona. Mansuetus alimsimamisha chini ya upenu, maana juani kioo kile hakionyeshi kitu, akatia betri mpya, akampiga picha. Protasi akajiona, kofia na kila kitu. Mansuetus akamweleza kwa huzuni kwamba asingeiuza kama si mama yake kuugua, kwani mwenye kamera hii atapiga picha za Kipaimara cha parokia nzima bila kununua filamu hata moja. Protasi, ambaye kichwani alikuwa ameshaamua kuwatoza majirani zake mara mbili ya bei ya mjini, alilipa bila kubishana.

Baada ya Kipaimara alirudi kichwa chini. Picha ni ukungu mtupu, betri zinaliwa kama karanga, na pa kusafishia picha ni Songea. Mansuetus alimpa pole ndefu, akaichukua kamera kwa kijisehemu cha bei yake, akisema anafanya hivyo kwa ubinadamu tu. Kisha akaiuza kwa mwingine, na baada ya huyo mwingine tena. Wote walirudisha, wote walinyamaza. Mtu aliyeliwa kwa sababu ya tamaa yake haendi kutangaza sokoni.

Wilaya ya Mbinga ilipoanza kuwa ndogo kwake, alipanda lori akateremka milima hadi ziwani, Kihagara. Huko akampata Ephrasia, mjane muuza usipa, dagaa wa ziwa lile, ambaye kopo lake la kupimia samaki lilisifika kwa kuwa kubwa nje na dogo ndani. Mansuetus alimwona kuwa ni mteja aliyeiva.

Alipompiga picha, Ephrasia hakujitazama usoni. Alitazama vifungo. Aliuliza kama ni kweli mtu anaweza kupiga picha nyingi kadiri anavyotaka bila gharama, na kama ni kweli picha ikifutwa hairudi tena. Mansuetus alimjibu kweli tupu, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko uongo wote aliowahi kusema. Mama akalipa, akaondoka.

Mansuetus akatulia kwenye kilabu cha pombe kungoja kamera irudi. Mle ndani kulikuwa na kiza kizuri, na Otilia, mpika pombe, alikuwa mcheshi. Mansuetus akamweleza kwamba yeye hajaoa, wakawa wanakaa karibu karibu. Siku zikapita. Ephrasia hakuja. Badala yake Mansuetus aliona wanaume wazima wa Kihagara wakiingia nyumbani kwa yule mama mmoja mmoja, kisha wakitoka wanajifuta jasho. Mwishowe akaenda mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nilijua utakuja."

Alianza na pole yake ya kawaida. Anajua kamera imemsumbua, amekuja kumpunguzia mzigo.

"Hainisumbui," Ephrasia alisema. "Inanilisha."

Akarudishia mlango ili kioo kionekane, akamwonyesha picha moja. Katika kiza cha picha ile mwanamume mnene alikuwa amemwinamia mwanamke mwenye khanga, mkono kiunoni. Sura hazikuonekana. Lakini Mansuetus alilijua bega lake.

"Huyu nani?" aliuliza.

"Mimi mzee, baba, macho hayaoni. Nimewaza nimwulize Hildegardi, yule mteja wangu wa usipa pale soko la Mbinga. Nasikia ana macho mazuri."

Hildegardi alikuwa mke wa Mansuetus, sauti ya kwanza ya kwaya, na mwaka wa nyuma alikuwa amemfukuza mumewe kwa mchi hadi kituo cha malori kwa kosa dogo kuliko hili.

"Ifute, mama."

"Kufuta ni kazi, baba. Ina ujira wake."

Mansuetus alitoa fedha zote alizolipwa kwa kamera, akavua na saa. Ephrasia akabonyeza mbele ya macho yake, picha ikafa. Alitoka akiwa mwepesi kama aliyetoka kitubioni, tena akashukuru.

Kesho yake, lori likipanda milima kurudi Mbinga, alikaa juu ya magunia pamoja na Steven, mchuuzi wa mitumba. Baada ya kona kadhaa Steven alifungua moyo. Yule mama wa usipa alikuwa amemnasa na mwanamke kilabuni, naye Steven akalipa picha ifutwe. Mkono kiunoni, na bega ni lake kabisa. Katibu wa kijiji naye alinaswa vivyo hivyo. Hata mwalimu wa kwaya.

Mansuetus alihisi baridi, na haikuwa ya milimani. Kamera ile haiwezi kuona mtu gizani bila kuwasha taa yake. Nani alijua hilo kuliko yeye? Na taa ingewaka, kilabu kizima kingegeuka. Sasa, moyo ukiwa umetulia, alikumbuka kilichokuwa kimeegemea nguzo mle ndani kwa Ephrasia: gunia la usipa lililovalishwa shati la kiume, limelalia jingine lililotandikwa khanga. Mama alilipiga picha hilo mara nyingi kadiri alivyotaka, bila gharama, na kila mwenye dhambi akafutiwa nakala yake.

Alifikiria kumwambia dereva asimame. Lakini angedai fedha zake kwa maneno gani, bila kumtaja Otilia?

"Najuta kitu kimoja," Steven alisema, akipapasa mfuko wa shati uliotuna. "Kamera inayoona gizani namna ile, ningenunua mimi, kwa bei yoyote."

Mansuetus alimtazama mteja aliyeiva, akatazama mikono yake miwili mitupu, akageukia ziwa lililokuwa likizidi kushuka nyuma yao.