Kiuno cha Nyoka ni Sentimita Tisa

Kikao cha benchi lililo mbele ya duka la fundi cherehani kilifunguliwa saa nane mchana, wajumbe wakiwa wanne na vikombe vitatu, kwa habari nzito kutoka kwenye simu ya kinyozi. Kinyozi huyo ndiye Taarifa. Hunyoa chumba cha pili, na saa hiyo mteja wake alikuwa ameachwa kitini ndani, kichwa kimekamilika upande mmoja.

"Sikilizeni," alisema Taarifa. "Nyoka wa kufugwa kameza taulo la kuogea. Daktari wa mifugo alilivuta kwa saa mbili."

"Taulo zima?" aliuliza Futi, mwenye duka, ambaye futi yake ya kupimia hukaa shingoni kutwa kama nishani ya taifa.

"Zima. La mtu mzima."

"Hapo kosa ni la mwenye nyumba. Kampa saizi isiyo yake."

"Hakupewa, bwana. Alijichukulia."

"Nyoka aliyeshiba hali taulo," alisema Mama Mizani, muuza nafaka wa duka la pembeni, ambaye akisema jambo huwa limeshapimwa. "Huyo walimwacha na njaa."

Kusikia neno njaa, Dakika fundi saa alipaliwa na kahawa. Alikohoa mpaka Futi akampiga mgongoni, kisha akaitazama ardhi kama mtu aliyeangusha skrubu.

"Dakika," alisema Mama Mizani. "Sema tu, mdogo wangu. Uso huo nausoma toka asubuhi."

Ikabidi aseme. Binti yake, anayesomea wanyama chuoni, alikuwa ameenda kufanya mtihani wa vitendo wa wiki mbili na kumwachia chatu mchanga ndani ya sanduku la plastiki. Leo ndiyo siku ya kumlisha. Panya huuzwa wakiwa wamegandishwa, pale duka la wanyama ng'ambo ya barabara.

"Sasa shida nini? Si ukanunue."

"Nimeenda. Muuzaji kaniuliza, saizi gani? Nikasema nitarudi."

"Umekimbia panya aliyekufa," alisema Taarifa.

"Wana saizi nne, kaka. Wachanga wasio na manyoya, wanaoanza manyoya, vijana, na watu wazima. Nikikosea akatapika, binti yangu hataniachia kitu tena. Safari ile aliniachia kobe, nikampoteza."

Wajumbe walishusha vikombe kwa heshima.

"Kobe alikutoroka," alisema Futi taratibu. "Kwa mwendo gani?"

"Nilisinzia."

"Siku ngapi?"

Mama Mizani aliwanyamazisha kwa kiganja. "Binti hakuacha maelekezo?"

Dakika alitoa karatasi iliyokunjwa mara nane. Iliandikwa: *Baba, upana wa panya ulingane na upana wa nyoka pale aliponenepa. Usizidishe. Nakuamini.* Neno la mwisho lilikuwa limepigiwa mstari, na ndilo lililomnyima Dakika usingizi.

Futi alisimama, akaivuta futi shingoni kwa mkono mmoja. "Mmekaa mnalia na mtaalamu wa vipimo yupo hapa? Mlete."

Sanduku liliwekwa juu ya meza ya kukatia. Chatu alikuwa na urefu wa mkono wa mtu, rangi ya kahawia yenye mabaka, mpole kama mkanda. Mama Mizani ndiye aliyemshika, kwa kuwa wanaume watatu walikumbuka kwa pamoja kwamba mikono yao ina kahawa.

"Kifua ni wapi?" aliuliza Futi.

"Huyo wote ni kiuno," alisema Mama Mizani. "Pima, nina wateja."

"Simama vizuri, bwana, usibane pumzi," Futi alimwambia nyoka, kwa mazoea. Akaizungusha futi palipo panene, akaandika kwenye daftari: *Nyoka. Kiuno 9. Mikono: hana.* "Sentimita tisa. Tafuta panya wa tisa."

Dakika alitanua vidole kwenye rula. Tisa. Akaangalia kikombe chake cha kahawa, akakipima mdomo. Nane.

"Futi, huyu panya atakuwa mpana kuliko kikombe."

"Mimi sibishani na futi. Miaka ishirini na sita, hakuna aliyerudisha suruali."

"Wamerudisha mashati," alisema Taarifa.

"Nimesema suruali."

"Na nyoka taya zao huachana," aliongeza Taarifa, aliyewahi kusoma nusu ya makala. "Zinafunguka kama mkoba. Kanunue, asije akala mapazia ya watu."

Dakika alivuka barabara. Muuzaji alipoambiwa sentimita tisa, aliuliza kama nyoka huyo anafanya kazi bandarini, kisha akachimba chini kabisa ya friji na kutoa panya buku aliyeganda, mkubwa kama kiatu cha mlinzi. Walimyeyusha ndani ya mfuko kwenye beseni la maji ya moto. Dakika akambana kwa kibano kirefu, akamteremsha sandukuni.

Chatu alimwangalia buku. Akarudi nyuma taratibu mpaka kona, akaficha kichwa chini ya tumbo lake mwenyewe.

"Anasali kabla ya kula," alisema Futi.

"Anaaga," alisema Taarifa.

Dakika hakucheka. Aliweka kibano chini, akaikunjua tena karatasi ya binti yake. Mama Mizani alimwona. Akamgeukia Futi.

"Baba, wewe kiuno chako ngapi?"

"Mia na nne. Nikiwa nimekula."

"Na huu mlango wa duka lako una upana gani?"

"Sabini na tano. Niliupimia pazia mwenyewe."

"Sasa kila asubuhi unaingiaje?"

Futi alijishika kiuno. Akautazama mlango, kisha akaitazama futi iliyojikunja kama duara mkononi mwake. Taarifa alianza kucheka chini chini, akaishia kukaa sakafuni.

"Umempima kwa kumzungusha," alisema Mama Mizani. "Mtoto kaandika upana."

Dakika tayari alikuwa amechomoa kwenye mkoba wake kipimo cha chuma chenye taya mbili, kile anachopimia vioo vya saa. Alimpima nyoka kwa mkono wake mwenyewe, bila kumsubiri mtu amshike. Sentimita tatu kasoro kidogo. Akavuka barabara mbio, akarudi na panya kijana, mwembamba, wa upana ule ule. Wakamtoa buku, wakamyeyusha huyu mpya.

Safari hii chatu hakufikiri. Aliruka, akabana, akameza, na wanaume wazima watatu wakapiga makofi kwa sauti ndogo kama watu walio maktaba. Simu ya Dakika ikaita. Akatoka nje nayo, kifua mbele.

"Amekula, mwanangu. Saizi barabara. Nimepima mwenyewe."

"Asante, baba. Nilijua utaweza. Sasa asiguswe kwa siku mbili. Akisumbuliwa tu, anatapika."

"Haguswi na mtu," alisema Dakika, akarudi ndani.

Sanduku lilikuwa wazi na halina mtu. Pembeni, juu ya meza, lilikuwa limetandazwa koti la harusi la mteja, ambalo Futi alikuwa amelipiga pasi sasa hivi, bado lina joto, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na uvimbe unaopumua.

Mwenye koti aliingia saa kumi kamili. Hakusalimia.

"Liko wapi?"

"Njoo keshokutwa, kiongozi," alisema Futi.

"Juzi ulisema umeme. Jana ukasema uzi. Leo nini?"

Futi alitafuta uongo, akakosa. "Leo kuna nyoka ndani ya mkono. Ametoka kula, hatakiwi kusumbuliwa."

Mteja aligeuka kwa Taarifa, ambaye aliitikia kwa kichwa. Akageuka kwa Mama Mizani.

"Ni kweli, mwanangu."

"Hata wewe, mama." Alinyoosha mkono kuelekea koti, na Dakika, mtu asiyewahi kumzuia hata kuku, akasimama katikati.

"Usiguse. Anasaga chakula."

Mteja aliwaangalia wote wanne, mmoja mmoja. "Sawa. Nakwenda kununua la dukani," alisema akielekea mlangoni, "na siku nyingine nitatafuta fundi mwenye uongo wa kawaida."