Simu ya Wananchi na Duara la Shemeji

Ifahamike kwa wachimbaji, wafugaji, wakulima wa pamba na wananchi wengine wote wa Halmashauri ya Mwanzugilo kwamba kuanzia Jumatatu ofisi haitampokea tena mtu aliyekuja kwa miguu. Mwananchi atapiga simu. Akikuta namba inatumika, asikate tamaa wala asitukane. Aiweke simu yake ijipigie yenyewe tena na tena mpaka ipokelewe. Kaulimbiu: Wewe Pumzika, Simu Ihangaike.

Tangazo hilo aliliandika Ndugu Zamoyoni Mihayo, Mkuu wa Kitengo cha Mapokezi Yasiyo ya Ana kwa Ana, na alitumia siku nne, maana si kazi ya kukurupuka. Akatuma maofisa minadani wakawafundishe watu jinsi ya kuweka simu ijirudie. Wananchi wakashika somo haraka mno. Ndani ya wiki mbili simu elfu mbili zilikuwa zikijipigia kwenye laini moja ya ofisi, na laini hiyo ilikuwa na mpokeaji mmoja, yaani Zamoyoni mwenyewe, ambaye saa nne hunywa chai.

Mafanikio hayakufichika. Mabenchi ya korido yalibaki matupu, sakafu ikang'aa, na hakuna aliyefunga tena mbuzi kwenye nguzo ya bendera. Mkurugenzi, Mama Rhoda, aliandika Mkoani kwamba kero zimepungua kwa asilimia tisini, na kwa kweli zile zilizofika ofisini zilikuwa zimepungua hivyo hivyo.

Jumatano akaja Melania, msimamizi wa duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Mlinzi alimzuia getini, naye akazunguka nyuma mpaka dirishani kwa Zamoyoni.

“Shikamoo, bosi.”

“Marahaba, mama. Piga simu.”

“Napiga tangu Jumapili! Hii hapa inajipiga, tazama, mara ya elfu moja mia nne na sita. Bosi, duara letu linajaa maji. Matimba yanayoshikilia kuta yameanza kulia. Ijumaa ikipita hatujapata pampu, linatitia, na kazi ya miezi minane imekwenda. Na pampu ya halmashauri ile pale uani, kuku wametagia juu yake.”

“Nakusikia, mama. Ila sijakupokea.”

“Jamani, si tunaongea hapa?”

“Tunaongea kama binadamu. Kiofisi hujafika.”

“Basi andika tu. Duara lenyewe linaitwa...”

“Usilitaje!” Zamoyoni alishtuka kweli. “Ukilitaja kabla ya kupokelewa utakuwa umewaruka watu elfu mbili.”

Akafunga dirisha kwa upole, akarudi kwenye simu, ambako mzee mmoja alikuwa akieleza sura ya mbuzi wake aliyepotea na alikuwa bado hajamaliza masikio.

Jioni, Davis, mdogo wa mke wake, alimkuta Zamoyoni anakula ugali.

“Shemeji, duara linajaa maji.”

“La nani?”

“La nani tena? Lako.”

Zamoyoni akarudisha tonge kwenye sahani. Hapa inabidi niseme jambo ambalo halikuwa kwenye fomu ya mali za watumishi, kwani humo Zamoyoni alitaja baiskeli moja na kitanda. Mtu huyu alikuwa na duara. Liliandikwa kwa jina la Davis, na wanaapolo waliochimba humo hawakumjua mwenyewe. Walimwita Shemeji tu. Kila walipodai mgao wao wa mawe yenye dhahabu, Davis aliwajibu kwamba lazima amuulize kwanza shemeji, na kesho yake akasema shemeji hapatikani. Miezi minane, hawajaona hata mfuko mmoja.

“Mbona hamkupiga simu?” Zamoyoni alifoka.

“Melania kapiga mara elfu na mia nne.”

Utasema, si angeichukua tu hiyo pampu? Thubutu! Nelly, mtunza stoo, hatoi hata msumari bila namba inayotolewa na kompyuta baada ya simu kupokelewa. Utaratibu huo aliubuni Zamoyoni mwenyewe ili wakubwa wasiruke foleni, kwa kuwa wakubwa aliwajua vizuri. Alhamisi alikwenda stoo akitabasamu kuliko kawaida yake.

“Nelly mwanangu, hiyo pampu...”

“Piga simu tu, Mkuu,” alisema Nelly kwa heshima zote.

Basi akaiweka simu yake ya mfukoni ijirudie. Ilihangaika Alhamisi nzima, naye hakupumzika. Ijumaa mvua ilianza alfajiri na kila tone lilimuuma. Saa tano, laini ya mzee wa mbuzi ilipokatika kabla hajamaliza, simu ya mezani ikaita na jina lake mwenyewe likatokea. Akainyakua. Sikio la kushoto likawa la mpigaji, la kulia la mpokeaji, na kompyuta ikaanza kurekodi kama ilivyoelekezwa.

“Simu ya Wananchi, tukusaidie nini?” aliuliza kwa simu ya mezani.

“Naomba pampu, duara la Shemeji,” alijibu kwa simu yake.

“Wewe ni nani katika duara hilo?”

Lilikuwa swali la lazima, na yeye ndiye aliyelipigania kikaoni. Akatupa jicho dirishani. Melania alikuwa amesimama pale, amelowa chapachapa, simu mkononi.

“Mwenye duara,” Zamoyoni alinong'ona.

“Sauti haijasikika,” ilisema kompyuta. “Tafadhali rudia.”

“Mwenye duara.”

“Sauti haijasikika. Tafadhali rudia.”

Akayawaza yale matimba, akaiwaza dhahabu yake inafukiwa, akapaza sauti. “Mwenye duara! Ni langu! Langu mimi, Zamoyoni Mihayo! Nipeni pampu!”

Kompyuta ikatoa karatasi yenye namba.

Melania alisukuma dirisha, akanyoosha mkono, akaichukua karatasi.

“Kumbe unapatikana,” alisema, akakimbilia stoo.

Pampu ilifika, maji yakatolewa, duara likasimama. Saa tisa wanaapolo thelathini na sita waliingia koridoni na matope yao, wakakaa kwenye mabenchi. Mlinzi aliwaambia wapige simu. Melania akamjibu kwamba wao hawakuja ofisini. Wamekuja kwa mwenye duara wao, kuhusu mawe yao, na wataondoka akishaandika mgao wao.

“Shikamoo, Shemeji!” waliamkia wote.

Zamoyoni alijifungia ndani, akampigia Mkurugenzi aje amwokoe. Namba inatumika. Akapiga tena, inatumika. Mama Rhoda alikuwa anaongea na Mkoa, ambao uliomba usikilizishwe simu moja ya mfano, iliyopokelewa mpaka mwisho. Alikuwa ameipata moja tu mwezi mzima, ya Ijumaa hiyo saa tano. Alishaicheza mara mbili, na sasa walimwomba asubiri kidogo kabla ya kuirudia, mwanasheria wa Mkoa alikuwa anavuta kiti.