Kitengo cha Wadeni Wenye Haraka

Kwa furaha isiyo na kifani, Shirika la Makao ya Heshima liliutangazia umma kufunguliwa kwa Kitengo cha Wadeni Wenye Haraka. Mwenyekiti wa bodi mwenyewe alikata utepe, akala keki, kisha akaeleza kwamba utafiti wa kina ulikuwa umegundua tishio jipya kwa maendeleo: wananchi wanaomaliza kulipa mikopo ya nyumba kabla ya muda. Mkopo wa miaka ishirini, alisema, ni uhusiano. Mtu anayeumaliza kwa miaka tisa ana jambo analoficha.

Kitengo kilikabidhiwa Bwana Ndirangu, na kusema kweli hapakuwa na mtu aliyefaa zaidi. Katika miezi minane ya kwanza, wadeni kumi na wanne walijaribu kumaliza mikopo yao. Tisa walichoka wakijaza fomu, wanne walizila pesa zao wakisubiri, na mmoja alihamia Nakuru bila kuaga. Hakuna hata mmoja aliyefaulu. Ndirangu alizipeleka takwimu hizi kwa bodi zikiwa zimechorwa kwa rangi, na tangu siku hiyo akaanza kusalimiwa kwenye lifti.

Ndipo akaja Mwalimu Kawsar.

Aliingia ofisini akitabasamu, jambo ambalo Kitengo kiliorodhesha miongoni mwa dalili za hatari. Ndirangu alimkaribisha kwa sauti ya chini, kama anavyokaribishwa mfiwa.

"Keti, dada. Pole sana. Hali hii ilianza lini?"

"Hali gani, mzee?"

"Hii ya kutaka kumaliza."

"Tangu siku niliyosaini," alisema Kawsar. "Mama yangu anakaa Huruma, ghorofa ya sita, na hakuna lifti. Magoti yake yamekwisha. Nyumba yangu iko mtaa wa Lucky Summer, chini kabisa, hata chumba chake nimeshakipaka rangi. Lakini ameapa hatalala kwenye nyumba yenye riba hata usiku mmoja. Nilichukua mkopo nikiwa na miaka ishirini na sita na akili ya miaka kumi. Sasa nataka kumshusha mama. Ni hayo tu."

Ndirangu alitikisa kichwa. Hakuwa mtu mwenye moyo mgumu.

"Na amejaribu kuzoea ngazi?"

"Miaka kumi na tisa, mzee."

"Basi bado anajaribu," alisema Ndirangu, akaandika. "Na pesa za kumaliza mkopo umetoa wapi?"

"Tuisheni. Mchana nafundisha shule. Jioni na Jumamosi nafundisha hesabu juu ya paa pale kwa mama, katikati ya matangi ya maji na nguo za watu. Watoto wanakuja, halafu wafanyabiashara nao wakaanza kuja. Kila shilingi nimeweka."

"Juu ya paa," Ndirangu alirudia, akapigia mstari. Kisha akavua miwani, maana alikuwa anakaribia kutamka sera. "Dada, mapato yasiyoonekana ni uvumi. Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Saba, utawaleta wanafunzi wako hapa, wote, wafundishwe mbele ya Kitengo. Hapo ndipo tutajua kama haraka yako ina msingi."

Jacky, karani wake, aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Bosi, kwani hiyo kanuni iko?"

"Inachapishwa," alisema Ndirangu.

Kawsar aliondoka. Ndirangu aliandika kwenye faili, Mdeni wa kumi na tano, amekata tamaa, akaenda kunywa chai na maandazi mawili badala ya moja.

Jumanne ya wiki ya kwanza ya likizo, saa tatu asubuhi, Kawsar alirudi na watu arobaini na watatu. Kulikuwa na watoto wenye madaftari, na Mama Adhiambo anayeuza dagaa wa omena Huruma, na wanaume sita kutoka soko la mbuzi la Kiamaiko, waliovaa makoti meupe ambayo yalikuwa yameacha kuwa meupe zamani. Wawili wao walibeba ubao. Ukumbi wa huduma ulikuwa umejaa wadeni wengine wanaosubiri kuitwa, na wote waligeuka kutazama.

"Haya ni maandamano?" bawabu aliuliza.

"Ni mapato yangu," alisema Kawsar.

Ndirangu hakutetereka. Mtu wa utaratibu hujua kwamba kila jambo lina fomu yake. Aliagiza mabenchi yapangwe. Mkaguzi, alieleza, yaani yeye mwenyewe, ataketi darasani kama mwanafunzi wa kawaida, ili asihadaiwe. Kisha akapata wazo ambalo siku hiyo hiyo lingeingia katika kumbukumbu za Shirika.

"Na hatutaki somo la kukariri," alisema. "Jacky, mpe Mwalimu faili lake la mkopo. Afundishe hilo."

Akaketi kati ya msichana wa gredi ya saba na mchuuzi mmoja wa mbuzi aliyeitwa Abdijabar, mwenye ndevu za hina na penseli nyuma ya sikio. Msichana alimsogezea nafasi bila kumtazama.

Kawsar alifungua faili. Aliandika tarakimu za mwaka wa kwanza ubaoni, kisha za mwaka wa pili, kisha za wa tatu. Akasimama. Akarudi mwaka wa kwanza. Wanafunzi wake, ambao walimjua, wakashika penseli.

"Abdijabar," alisema polepole. "Umeniachia mbuzi wako ishirini kwa uga wangu. Kila siku unanilipa nyasi. Ukaja ukachukua kumi na wawili, ukachinja, watu wakala. Kesho utanilipa nyasi ya mbuzi wangapi?"

"Wanane!" lilijibu darasa zima.

"Na nikikudai ya ishirini?"

Abdijabar alisimama wima. "Mwalimu, hapo tutakosana! Yaani mbuzi ameliwa, mifupa imetupwa, na bado anakula nyasi? Kiamaiko hata mwizi haezi jaribu hiyo!"

"Mkataba wangu unasema riba ni ya deni lililobaki. Ukurasa wa nne. Someni."

Watoto walisoma ukurasa wa nne kwa pamoja, kwa sauti ile ya shule inayosikika hadi barabarani. Walipofika kwenye maneno "deni lililobaki" wakarudia mara mbili, kwa sababu wamezoea kurudia. Kisha wakaingia kazini. Ubao ulijaa, ukafutwa, ukajaa tena. Kwa miaka tisa Shirika la Makao ya Heshima lilikuwa limemtoza nyasi ya mbuzi wote ishirini, hata walioliwa.

"Jibu?" aliuliza Kawsar.

"Mwalimu, umemaliza!" alipiga kelele msichana wa gredi ya saba. "Umemaliza mwaka jana, mwezi wa pili! Hao ndio wako na deni yako!"

Kawsar alicheka. Alicheka hadi chaki ikamponyoka, akaukumbatia ubao na kuchafua buibui lake lote kwa vumbi jeupe. Mama Adhiambo alipiga kigelegele. Na kule nyuma, wadeni waliokuwa wakisubiri walianza kutoa makaratasi mifukoni. Mmoja aliomba penseli. Wa pili akaomba kuketi. Baada ya robo saa hapakuwa na nafasi sakafuni, wachuuzi wa mbuzi walikuwa wamegawana ukumbi na kufundisha safu kwa safu, na mwuza kalamu wa nje alikuwa ameongeza bei mara mbili. Bawabu aliacha mlango, akaja na mkataba wa shemeji yake.

Mkaguzi akainua mkono.

"Ndiyo, wewe wa tai," alisema Kawsar.

"Mwalimu, mimi hapo kwa deni lililobaki sijaelewa."

"Uko na mkopo?"

Ndirangu alikuwa nao. Wafanyakazi wote walikuwa nao. Ulikatwa kwenye mshahara kila mwezi, na yeye aliona ni utovu wa nidhamu kuutazama. Abdijabar alichukua hati ya mshahara, akalowesha penseli kwa ulimi, akahesabu pamoja naye mbuzi mmoja mmoja.

"Buda," alisema mwishowe, kwa huruma ya kweli. "Wako waliisha kitambo. Miaka minne unalisha hewa."

Ndirangu akainuka, akachukua faili la Kawsar, akaligonga mihuri yote saba, mmoja baada ya mwingine, hadi meza ikalia. Hatimiliki ikatolewa kabatini. Kawsar aliipokea kwa mikono miwili, akapiga simu papo hapo.

"Hooyo," alimwambia mama yake, huku analia na kucheka. "Anza kushuka. Polepole. Nakuja kukubeba."

Kwa kuwa mkuu wa Kitengo sasa alikuwa mteja wa Kitengo, kiti chake kilikaliwa na Jacky.

"Jina?"

"Jacky, jamani, si unanijua!" alisema Ndirangu.

"Lazima niandike, bosi. Haraka yako ilianza lini?"

"Sina haraka! Nimechelewa miaka minne!"

"Basi umekosea dirisha. Hii ni ya walio na haraka. Ya waliochelewa haiko. Lazima bodi iifungue."

Bodi, kwa bahati nzuri, ilikuwa inaingia. Mwenyekiti alikuwa ameshuka kuuliza kelele ni za nini, akaelezwa na watu mia mbili kwa wakati mmoja. Aliwaomba wahasibu wake wampe jumla ya pesa za kurudishwa. Wahasibu wakasema hawaijui, maana hesabu ya nyasi walikuwa wameikuta hivyo hivyo na kuiheshimu. Hapo akamgeukia Kawsar, ambaye tayari alikuwa mlangoni.

"Mwalimu, wewe ndiye unayeielewa hii kitu. Hebu keti utufanyie."

"Mimi sifanyii mtu, mzee. Nafundisha. Mia tano kwa saa, unalipa mbele. Jumamosi saa mbili, Huruma, juu ya paa. Uje na daftari."

Jumamosi ilipofika, Hooyo Saado alikuwa Lucky Summer, ameketi mlangoni kwake na miguu juani, anawaagiza majirani sukari asiyoihitaji, kwa sababu tu duka liko karibu na halina ngazi. Huko Huruma, mwenyekiti wa bodi alifika ghorofa ya nne akaketi. Ndirangu, aliyekuwa na daftari jipya kwapani, alimngoja. Kutoka juu walisikia darasa limeshaanza kujibu kwa pamoja.

"Ndirangu," alisema mwenyekiti alipopata pumzi, "hakuna kanuni ya kunipunguzia hizi ngazi zilizobaki?"

"Hakuna, mzee. Lakini wewe unalipia zilizobaki tu," alisema Ndirangu, akamshika mkono wakaendelea kupanda.