Karamu ya Bima ya Nyongeza

Clell Vandiver alipowaona wastaafu wa mji wa Mesa wamepanga foleni saa kumi jioni kwa ajili ya chakula cha nusu bei, alijua Mungu hajamsahau. Wiki hiyohiyo akakodi chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja, akasambaza mialiko: waliotimiza sitini na tano mwaka huu, njooni mle bure, muelewe bima ya nyongeza, ile inayolipa kinachoachwa na bima ya serikali. Pesa yake ya mwisho iliishia kwenye nyama ya karamu hiyo, lakini hakujali. Namba za kadi ya matibabu ya serikali zina wanunuzi wake wa magendo.

Wakaja kumi na mmoja, wakala kama waliotoka mfungoni.

"Serikali inalipa themanini kwa mia ya bili ya daktari," Clell akahutubia, tai imelegea kirafiki. "Ishirini zinazobaki zitawafanya muuze nyumba zenu. Mimi nina Mpango G wa Dhahabu. Andikeni namba za kadi zenu hapa tu."

Bi Verna Stutsman, aliyekaa meza ya mwisho, akaweka uma chini.

"Dhahabu ipi, mwanangu? G ni G. Sheria imeshaipanga. Kampuni zote zinauza kitu kilekile, bei tu ndiyo tofauti."

"Yangu ina ziada, bibi."

"Ziada ya maneno. Wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na tano, tangu mwezi jana."

"Na bima yako ya nyongeza?"

"Ya nini? Mimi mzima kabisa."

"Hata moyo?"

Clell akajigusa kifua. Mwaka juzi madaktari walimzibua mshipa wa moyo.

"Basi nisikilize," Bi Verna akasema. "Ndani ya miezi sita ya mwanzo tangu utimize sitini na tano, kampuni hairuhusiwi kukukataa kwa ugonjwa. Ikipita, watakuuliza habari za moyo huo, na watakufungia mlango. Umebakiwa na mitano."

Jasho likamtoka. Zile ishirini alizowatishia watu miaka yote, hakuwahi kufikiri zina njia ya kufika kwake. Aliogopa kweli, maskini.

"Nani anauza ya halali?" akanong'ona.

Bi Verna akatoa mkobani leseni ya wakala wa bima na fomu moja.

"Mimi. Hawa kumi wameshajaza zao wakati unahutubia. Sheria inanikataza mimi wakala kuwalisha wateja hivi, ahsante sana. Haya, nisomee namba ya kadi yako."

Clell akaisoma, tarakimu moja moja, mbele ya ukumbi mzima uliokuwa unatafuna. Bi Verna akamwomba airudie kwa sauti.