Kitambaa cha Baba Ndani ya Gobore

Jumatano, 10 Desemba

Zimebaki siku tano tu msimu wa kuwinda kulungu kwa magobore ufunguliwe. Leo nimepiga risasi kumi na mbili kwenye karatasi, hatua arobaini. Tatu zilipata karatasi. Moja ilipata ndoo ya Mjomba Orval, ambayo haikuwa karibu na karatasi hata kidogo.

Tatizo si mimi. Gobore langu ni la kupigia ndege, mtutu wake laini ndani, na risasi ya mviringo hucheza humo inavyotaka isipokazwa na kitambaa. Nimepunguza kipimo cha baruti kutoka punje themanini hadi sabini. Nimepaka kitambaa mafuta ya nguruwe. Bado! Cha dukani ni chembamba, kinaungua kabla hakijatoka mtutuni. Cha turubai ni kinene, risasi haishuki hata uishindilie kwa mikono miwili.

Shemeji yangu Delmar alikuja kutazama, bakuli la maharagwe mkononi. Akasema, "Shemeji Lonzo, huyo kulungu afadhali umrushie gobore lenyewe." Anakitamani kituo changu cha kuvizia kulungu, pale chini ya mti mkubwa kando ya kijito. Baba alikaa pale miaka thelathini na miwili. Sheria ya kambi yetu ya wawindaji ni kwamba ukikosa kulungu miaka mitatu mfululizo, kituo anapewa mwingine. Mimi nimekosa miwili. Nikikipoteza sijui nitamwambia nini mama.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimepata dawa. Iko ukutani siku zote, nami nina macho yote mawili!

Hapa kambini anayemkosa kulungu hukatwa pindo la nyuma la shati. Mjomba Orval, mkuu wetu, huliandika jina na mwaka na kulipigilia ukutani. Mawili ni yangu. La baba ni moja tu, pamba nzito ya zamani, buluu. Limeandikwa: Clyde, 1981, hatua thelathini, hakusema sababu.

Nikalipima kwa vidole. Unene wake ndio wenyewe. Orval alipotoka kwenda chooni nikakata vipande sita. Marehemu hana haja nalo.

Ijumaa, 12 Desemba

Risasi tano. Matundu yote matano yanafunikwa na kikombe kimoja cha kahawa. Ilibidi nikae chini.

Kisha nikaenda kuokota vitambaa, kama kila mtu afanyavyo, nione vimeungua wapi. Hakuna hata kimoja. Theluji nyeupe tupu, na upepo haukuwepo. Nilitambaa kwa magoti nusu saa sikupata hata uzi. Nikiwa chini pale nikasikia harufu ya tumbaku ya kiko, ile ya baba, tamu kidogo. Siku hizi hakuna anayevuta kiko kambini. Nadhani ni Delmar ananichezea. Delmar ana tabia mbaya.

Jumamosi, 13 Desemba

Nilirudi ukutani kukata vipande vingine. Pindo la baba ni zima.

Nimeligeuza upande huu na upande ule. Hakuna alama ya mkasi. Mwandiko ni ule ule. Ila linanuka baruti, na kuna viduara vitano vyeusi vilivyofifia. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kile kipande cha sita. Mfuko mtupu. Nilihisi baridi mpaka kwenye meno, na ninakiri niliogopa.

Halafu nikatafakari. Kitambaa kisichokwisha! Delmar hununua chake kwa yadi. Nikakata vinne.

Jumatatu, 15 Desemba

Nilikuwa kituoni mapema. Ukungu umekaa juu ya kijito, hakuna ndege anayelia. Saa mbili asubuhi akatokea dume mwenye pembe za ncha nane, hatua arobaini, ubavu wote wazi. Nikalenga. Nikavuta.

Fataki ilipolia nilihisi mtutu unasogezwa kulia. Taratibu, bila nguvu, vile vile baba alivyokuwa akinisogeza nilipokuwa na miaka tisa. Moshi ulipoondoka, kulungu hayupo. Risasi imo kwenye shina la mti, mbali kabisa na nilipolenga. Na nyuma ya pale aliposimama kulungu, Delmar kalala kifudifudi kwenye theluji. Koti lake la rangi ya chungwa, tunalovaa sote tusipigane risasi, alikuwa amelivua nisimwone akija kukipeleleza kituo.

Nilimwambia ameniharibia kila kitu. Alikuwa anatazama kando yangu, usawa wa bega.

Jumanne, 16 Desemba

Pindo langu la tatu limekatwa. Orval akatangaza kwamba kituo sasa ni cha Delmar.

Delmar akasema hakitaki. Akasema pale pana mtu tayari, mzee wa kiko, alisimama nyuma yangu akausukuma mtutu kwa kiganja. "Siendi pale hata mnibebe," akasema. Hakuna aliyecheka. Orval akavua kofia. Akasema polepole kwamba mwaka 1981 aliyekuwa nyuma ya kulungu wa Clyde ni yeye, naye pia alikuwa ameficha koti. "Baba yako hakumwambia mtu, mwanangu. Alikubali kukatwa shati nisiaibike."

Nilitoka nje. Nilimkumbuka baba.

Kisha nikafikiri vizuri. Kituo ni changu bado, maana hakuna mwingine anayekitaka. Na kama mtutu ulisukumwa, basi shabaha yangu ilikuwa sahihi! Baruti punje sabini, pamba nzito, mafuta ya nguruwe, yote sawa. Kosa ni la mwenye kitambaa. Mwakani situmii tena pindo la marehemu. La Orval liko pale karibu na dirisha, 1977, unene ule ule, na mwenyewe yu hai. Kwa goti lake bovu hawezi kufika kijitoni kuja kunisukuma. Nimesharudi ndani nikakata vipande vitatu, mwenyewe akiwa bado anajifuta machozi.