Posho ya Ziada ya Bi Waridi, Ambaye Si Mke Wangu

Mtongwe, Likoni

Kwa Bibi Eddah, Afisa wa Posho za Wazee

Bibi,

Baada ya salamu na heshima, nimepokea barua yako isemayo kwamba Bi Waridi amelipwa posho mara mbili kwa miezi kumi na minane, na kwamba ziada hiyo itakatwa kwenye posho yangu mimi, mumewe. Mimi si mumewe, na posho hiyo ndiyo inayoninunulia dawa za presha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimwacha Bi Waridi miaka kumi na sita iliyopita. Talaka niliiandika kwa mkono wangu, haina kosa hata moja, na eda ilikwisha bila ya mimi kumrejea.

2. Ni kweli kwamba mwandikishaji wenu, Bwana Griffin, alimkuta barazani kwangu akichambua mchicha, akaniuliza huyu ni nani. Nikamjibu, "Mke wangu." Muungwana hamtaji mwanamke kwa talaka yake mbele ya mgeni. Bwana Griffin ametoka bara, na hakuna aliyemfahamisha kwamba hilo lilikuwa jibu la adabu, si la daftari. Akamwandika kwangu, ilhali alikuwa amekwisha kumwandika kwake, nyumba ya pili kutoka hapa.

3. Mwasema nilifaidika. Nililetewa na Bi Waridi samaki wa kupaka. Mtaa mzima huletewa. Mkinidai mimi, mdaini na imamu.

4. Iwapo ofisi yenu yaweza kuunganisha kilichotenganishwa na talaka, isiishie kwenye deni. Tangu aondoke, Bi Waridi hajanipigia pasi hata kanzu moja. Kanzu za Ijumaa pekee zapita mia nane. Nadai zipigwe pasi zote, au ofisi ilete mtu.

5. Na kama daftari lenu lina nguvu kuliko talaka yangu, nipeni barua yenye muhuri, itamke wazi kwamba Bi Waridi ni mke wangu. Bila ya barua hiyo silipi hata shilingi moja.

Nisalimie wote ofisini, pamoja na Bwana Griffin, ambaye simlaumu ila kidogo.

Mimi mwenye kudhulumiwa,
Mwinyihaji bin Kombo
Mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Juzi Bwana Mansur, mjane wa Kisauni, alipeleka posa kwa Bi Waridi, na jibu litatolewa Ijumaa. Naomba barua ile yenye muhuri inifikie Alhamisi. Deni kateni lote.